Trola ya mtumba, kutoka Kilifi mpaka Unguja

Jumanne, Kilifi

Tumefika saa nane mchana, mimi na mjomba na mdogo wangu. Fundi wetu wa Tanga katangulia tangu jana na tumemkuta keshapanda chomboni, keshang'oa mbao zote za sakafu juu ya injini kazipanga kwenye deki, hajaangalia vitanda wala rangi. Nikafurahi sana, maana chombo kikuukuu unakinunulia chini, juu utapaka mwenyewe ukitaka.

Watu wakisikia trola wanafikiria meli ya kukokota nyavu, hii haivui. Umbo tu ndo la wavuvi, tumbo nene, mkuku mrefu, yani ule uti wa chini ya chombo, injini moja ya dizeli inayokwenda polepole kutwa nzima haichoki, alafu juu yake pamejengwa nyumba ya watu kulala na kupika. Zilianza kupendwa miaka ya 1960 karakana za Hong Kong zilipoanza kuwajengea Wamarekani, baadae Singapore na Taiwan. Mwaka 1963 Mmarekani Robert Beebe alijengewa yake Singapore akaivusha Bahari ya Hindi kwa injini mpaka Ugiriki, kwa hiyo bahari hii vyombo vya namna hii vinaijua zamani.

Hii ni ya futi 34, faiba, ya Taiwan mwaka 1982, inakula maji mita 1 na sentimita 20. Injini ni Ford Lehman 120, yani Ford ya silinda 6, lita 6.2, ambayo kampuni ya Lehman ya Marekani iliigeuza kuwa ya baharini. Mwenyewe ni mzee wa Kizungu aliyekaa Kilifi miaka mingi, sasa afya haimruhusu anarudi kwao. Kiswahili chake kizuri tu. Mjomba akampa shikamoo japo wanakaribiana umri, mzee akacheka akasema marahaba bwana nahodha, na toka hapo wale wawili wakawa wanaongea wenyewe.

Mbona trola na sio boti ya mbio? Sisi tunataka chombo cha kuchukua wageni wachache Unguja, Tumbatu, Pemba, walale humo humo, wapige mbizi, wale, wasiharakishwe. Boti ya petroli yenye mashine mbili nyuma inakunywa kwa saa moja mafuta ambayo hii inakwendea nusu ya siku. Hesabu ya biashara iko hapo, mengine yote mapambo.

Jumatano, Kilifi

Leo bamvua, yani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Pwani yetu ina neema hii, siku za bamvua maji yanajaa alfajiri kwenye saa kumi au kumi na nusu, saa nne na saa tano asubuhi yamekupwa yote, jioni yanarudi, kwa hiyo una mchana mzima chombo kiko nchi kavu na hujalipa kreni. Tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Jana jioni mjomba alikwenda kukagua mchanga kwa miguu yake, akachagua pahala pagumu pasipo na jiwe, akachimbia boriti nne, na leo alfajiri kwa tochi tukakisogeza taratibu mpaka mkuku ukagusa, tukafunga kwenye boriti kushoto na kulia, tukakaa tunakunywa chai tunasubiri.

Saa tatu tumbo lote lipo nje. Fundi akatoa nyundo ndogo ya plastiki akaanza kugonga kuanzia omo, yani mbele ya chombo, pigo moja kila shubiri, na sisi wote kimya kabisa maana unasikiliza. Faiba nzima inaitika kavu, ngo ngo ngo. Pale ambapo matabaka yameachana au ubao wa ndani umelowa sauti inakufa, pu. Alipita upande wa kushoto wote haikubadilika. Upande wa kulia, chini kidogo ya mstari wa maji, tukakuta malengelenge saizi ya shilingi, yako kundi moja. Akatoboa moja kwa ncha ya kisu, maji yakamrukia, akaninusisha kidole, harufu ya siki tupu. Ndo dalili yake hiyo, maji yamepenya kwenye rangi ya nje yakachanganyika na dawa za faiba. Sio ugonjwa wa kuua ila ni wa kutibu, unakwaruza, unaacha pakauke vizuri wiki na wiki, unajaza upya, na kazi hiyo inakatwa kwenye bei.

Zinki, vile vipande vinavyofungwa chini ili maji ya chumvi yale hivyo badala ya propela na shafti, zimelika nusu, na hiyo ni habari njema, zinki ikiwa mpya mpya baada ya mwaka ujue haijaunganishwa na kitu na shaba yako ndo inayoliwa badala yake. Propela akaikwaruza kidogo, ikang'aa njano, akaigonga ikalia kama kengele. Ingeonesha uwekundu uwekundu wa waridi maana yake shaba imekwisha nguvu. Shafti ukiinyanyua kwa mkono inacheza kidogo kwenye bushi yake ya mpira, bushi ya kubadilisha ila safari itaihimili.

Shida kubwa iko juu. Deki imefunikwa mbao za mtiki zilizopigwa skrubu mamia, nzuri kuangalia, lakini kila skrubu ni tundu, na miaka 40 ya mvua imepita humo ikashuka kwenye ubao wa kati, ule uliobanwa ndani ya faiba ya deki. Mjomba kavua viatu akapita taratibu deki nzima kwa nyayo, akifika pahala panabonyea anasimama anaashiria, mdogo wangu anaweka alama ya chaki. Chaki zilikuwa nyingi upande wa tezi, yani nyuma.

Maji yakarudi jioni, kikaelea chenyewe.

Alhamisi, Kilifi

Siku ya injini. Fundi alikwenda mapema kabla mwenyewe hajaamka, akaweka kiganja kwenye bloku kuhakikisha ni ya baridi, maana injini iliyopashwa kabla hujafika inaweza kukuficha mengi. Ikawaka kwa mara ya kwanza. Moshi wa bluu kidogo ukatoka ukaisha ndani ya dakika, maji ya kupoozea yanatoka nyuma kwa nguvu, presha ya oili imesimama. Tukaiachia saa mbili nzima tukipanda na kushuka hori, ule mkono wa bahari wa Kilifi, joto halikupanda.

Injini hizi zina jambo lao moja ambalo mtu asipolijua anaiua. Pampu ya nozeli ina oili yake peke yake, haishirikiani na ya injini, na inabadilishwa kila masaa 50. Ni oili kidogo tu na kifuniko chake kimejificha ubavuni, wengi hawakifungui mpaka pampu inakufa na bei ya pampu ni kilio. Nikamuuliza mzee, mzee wangu hii pampu mara ya mwisho lini? Hakujibu, akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada la plastiki, kila masaa 50 kaandika tarehe na saini, kwa kalamu za rangi tofauti, kurasa kwa kurasa. Mi daftari lile lilinimaliza. Chombo kina deki mbovu lakini mwenye nacho alikuwa anakijali pale pasipoonekana.

Matangi mawili ya chuma, lita 450 kila moja. Fundi akashusha mpira mpaka chini akavuta kwenye chupa ya kioo. La kushoto likatoa dizeli nyekundu safi na utando mdogo wa maji. La kulia likatoa uji mweusi. Dizeli ikikaa muda mrefu maji yanajikusanya chini, na pale maji yanapokutana na dizeli vijidudu vinaota, vinafanya ute, na hewani pale juu chuma kinashika kutu. Kifuniko cha kujazia deki ya kulia kimevuja kwa miaka, ndo chanzo. Tukaamua la kulia tunalifunga kabisa, valvu inakazwa na waya, tunasafiri na la kushoto peke yake, na hilo la kushoto tukalizungusha dizeli yake kwenye filta mchana kutwa kwa pampu ya umeme.

Ijumaa, Kilifi

Bei. Mzee alianzia dola 38,000, mjomba akaweka mezani karatasi ya fundi yenye deki, tangi, malengelenge na bushi, hakusema neno, baada ya swala tukakubaliana 29,500. Hati ya mauzo imeandikwa mbele ya wakili, namba ya ubavuni ikalinganishwa na namba kwenye cheti, herufi kwa herufi, na namba ya injini vilevile. Wakala wetu wa forodha Unguja nilishaongea nae kabla sijatoa hata senti, ushuru na usajili wa huko nimeuweka kwenye bajeti toka mwanzo, na kwa yeyote anaewaza kununua chombo nje ya nchi namuomba sana afanye hivo, chombo cha bei rahisi kikishikwa bandarini sio rahisi tena.

Jumamosi, Kilifi

Kutwa nzima mezani na ramani. Hii kwangu ni sehemu tamu kuliko zote.

Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma unapata nguvu, kwenye mlango wa Pemba unaweza kufika noti 4, yani maili 4 za bahari kwa saa, na chombo cha noti 6 kikielekea Unguja mwezi wa saba kitachoma dizeli asubuhi mpaka jioni kinaangalia minazi ile ile. Kaskazi ndo inaulegeza, na upepo wenyewe unakuja nyuma yako. Ndo maana tulisubiri Januari, tanga mbili, ule msimu wa upepo kigeugeu kati ya kusi na kaskazi, imekwisha, vuli imekwisha, kaskazi imeshatulia. Tungechelewa mpaka mwezi wa nne tungekutana na masika na kusi inaanza, na hapo tungeacha chombo Kilifi mwaka mzima.

Alafu mwezi. Tumetumia bamvua kupweleza, sasa kila siku inayopita maji yanapungua nguvu, na tukifika Shimoni itakuwa maji mafu, mkondo wa kati ya Wasini na bara umelala. Mjomba alipanga hivo toka tuko nyumbani kwa kuhesabu siku za mwezi kwa vidole, mi nilikuja kuhakiki kwenye jedwali la maji ikawa sawa na alivosema.

Hatutembei usiku. Kila mguu wa safari unaanza asubuhi na kuisha jua likiwa bado juu, kwa sababu mwamba unaonekana kwa jua lililo juu au mgongoni, jua likiwa limelala mbele yako maji yote yanakuwa fedha huoni kitu. Chatplota, ile ramani ya kwenye skrini, tunayo, tunaiheshimu, lakini mlangoni anasimama mtu omo anaangalia rangi ya maji.

Dizeli: Kilifi Mombasa maili 30, Mombasa Shimoni 40, Shimoni Tanga 30, Tanga Nungwi 45, Nungwi mjini 30. Jumla maili 175 za bahari. Nimekata noti nzima kwa ajili ya mkondo, nikahesabu noti 5, inakuja masaa 35, lita 7 kwa saa, lita 245. Tangi la kushoto limejaa 450, ya chini kabisa siihesabu kwa ajili ya uchafu, bado inabaki akiba ya kutosha kugeuza njia. Filta za akiba katoni nzima, impela mbili za pampu ya maji, mikanda, mipira ya maji, majaketi ya kuokolea kila kichwa, redio chaneli 16, ile ya wito na dharura, tumeijaribu.

Jumapili, Kilifi – Mombasa

Maji yamejaa saa moja na robo, saa moja na nusu tumeng'oa nanga tukatoka na maji yanayoanza kupwa yakitusukuma. Mzee alikuja na kidau kutuaga, akamwachia fundi daftari. Mlango wa Kilifi una mwamba pande zote, mdogo wangu kasimama omo, mjomba usukani, tukapita katikati. Nje bahari nzuri, kaskazi nyepesi. Saa saba mchana tumefunga English Point, Mji wa Kale na Ngome ya Yesu ziko ng'ambo ya maji.

Jumatatu, Mombasa

Manunuzi tu. Bushi ya mpira tumepata, klampu za chuma cha pua, oili.

Jumanne, Mombasa – Shimoni

Tumetoka saa kumi na mbili. Mpaka Diani raha. Baada ya hapo kaskazi ikazidi na mawimbi yakaanza kutukamata kwa nyuma pembeni, na hapo trola inakuonesha tabia yake, tumbo la duara linabingirika kulia linabingirika kushoto, vyombo vya jikoni vyote vinatembea. Sasa bahari ikikoroga chombo inakoroga na tangi. Usawa wa Chale geji ya filta ikaanza kupanda, ya kijani, ya njano, injini ikashusha sauti kidogo. Fundi alikuwa keshakaa pale pale tokea mawimbi yalipoanza, akageuza valvu kwenda filta ya pili, injini haikuzima hata sekunde, alafu akaifungua ile ya kwanza akatupandishia tuione, karatasi yake nyeusi tii imeshika utelezi kama ngozi ya ngisi. Alizibadilisha kwa zamu mpaka Shimoni. Chombo kilichokaa kitakuletea hili hata uzungushe dizeli namna gani, kwa hiyo filta mbili sambamba na valvu ya kugeuza ni kitu cha kwanza mtu aangalie, na kama hakina afunge kabla ya kuondoka.

Tumetia nanga saa nane, maji shwari kabisa, Wasini inatukinga.

Jumatano, Shimoni – Tanga

Asubuhi uhamiaji na forodha, wametuhudumia vizuri, saa nne tukatoka na maji mafu kama ilivopangwa, chombo kinakwenda noti zake bila kuvutwa. Tukapishana na madau ya Vanga. Tukapita Ulenge saa tisa, nanga Raskazone. Maafisa wa Tanga wakaja mpaka chomboni, makaratasi yakaisha kabla ya magharibi. Mama yake fundi katuletea vitumbua na samaki wa kupaka, tumekula deki upande usio na chaki.

Alhamisi, Tanga

Kaskazi kali. Mjomba alitoka alfajiri akaangalia nje ya Ulenge, akaona povu mpaka upeo wa macho, akarudi kulala. Wageni watatuuliza siku moja mbona hatutoki na jua linawaka, na jibu litakuwa hili hili.

Tumetumia siku kusafisha filta na kutundika lile tanga dogo la nyuma ambalo mzee alisema halijatoka kwenye gunia muda mrefu. Mjomba kashona pembe iliyochanika.

Ijumaa, Tanga – Nungwi

Saa kumi na mbili. Upepo umepungua, mawimbi ya jana bado yapo marefu. Tulipotoka kwenye fungu la mwisho tukapandisha tanga dogo, na tofauti niliiona kwenye glasi ya chai, ilikuwa inamwagika sasa inayumba tu. Halisukumi chombo, kazi yake ni kushikilia upepo ili chombo kisilale na kuinuka ovyo. Kina kikaanza kushuka, mita 60, mita 150, alafu kipima kina kikapoteza chini kabisa kikawa kinamulika vistari, huku mlango wa Pemba unashuka mamia ya mita. GPS inasoma noti 5.2, ile noti niliyoikata kwenye hesabu tumeikuta baharini karibu kamili. Saa sita kina kikarudi, 80, 45, na Unguja ikaanza kama uzi mweusi. Ras Nungwi tukaiacha kushoto kwa mbali, tukaja kutia nanga upande wa Kendwa, mafundi wa majahazi wanagonga misumari ufukweni mpaka tunasikia.

Jumamosi, Nungwi – Mjini

Nje ya Tumbatu, kimya, maji ya Unguja ya siku zote. Ndugu wamejaa Malindi. Forodha wamepanda, mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini anakuja Jumatatu kwa ajili ya usajili, mpaka hapo hatuchukui abiria hata wa kwenda Changuu.

Kijiti cha tangi kinasema tumechoma lita 230 hivi. Fundi anabaki wiki nzima. Usiku huu huu anabadilisha oili ya pampu, kesho tunakata paa la kabati tutoe tangi la kulia, na mbao za deki ya tezi zinaanza kung'olewa upepo wa kaskazi ukiwa bado mkavu, maana ule ubao wa kati lazima ukauke kabla masika haijafika.